Malazi ya Shemeji Allan, Siku Tatu

Ijumaa, 13 Juni
Shemeji Allan kakamatwa! Saa tisa mchana, Mtaa wa Kongo, mbele ya umati. Alimuuzia mteja viatu viwili vya kushoto. Mteja karudi, wakashikana mashati, meza ya watu ikapinduka, askari wakaja. Dhamana inataka barua ya serikali ya mtaa, na ofisi ya mtaa imefungwa mpaka Jumatatu. Kwa hiyo atalala mahabusu siku tatu. Mke wangu Josepha analia. Mimi pia nimehuzunika, ila nina msiba wangu mwenyewe.

Msiba wenyewe: Mzee Saif, ambaye nauzia makava ya simu kwenye baraza la duka lake, kasema nisipoleta kodi, elfu arobaini, kufikia Jumatatu adhuhuri, nafasi anapewa Muaz. Muaz! Muuza chaji zinazokufa njiani! Nimemkuta anapima baraza langu kwa futi. Eti ananipimia mimi, nijue ninachopoteza.

Jioni nikasoma habari kwenye simu. Kumbe kuna nchi huko nje mfungwa anatozwa hela ya kitanda na chakula! Anatoka jela na bili mkononi kama katoka hotelini. Nikasoma mara mbili. Wazo kama hili halimjii mtu kila Ijumaa.

Jumamosi, 14 Juni
Asubuhi nimeenda kwa mama mkwe. Nimemkuta uani, anakaanga samaki wa kuuza. Nikampa shikamoo yenye heshima zote. Nikamweleza, kwa masikitiko, kwamba siku hizi mahabusu wanalipia malazi. Elfu kumi na tano kwa usiku. Asihangaike, nitapeleka mimi.

Nilitegemea machozi. Nilisahau huyu mama ananunua samaki mnadani Feri mwaka wa ishirini huu. Akauliza bei ya mwisho. Nikasema serikali haina bei ya mwisho. Akasema kila kitu kina bei ya mwisho, halafu Allan ni mwembamba, hachukui nafasi. Tukashuka mpaka elfu kumi na mbili. Siku tatu, elfu thelathini na sita, pamoja na godoro na chai ya asubuhi. Na risiti. Nikaandika "Malazi, siku tatu", nikasaini. Nina saini nzuri sana.

Bado elfu nne tu! Nimempungia Muaz mkono. Hajui kitu, maskini.

Jumapili, 15 Juni
Balaa. Baada ya misa mama mkwe kapeleka wali kituoni. Allan kamwambia analala sakafuni na chai hajaiona. Mama karudi amewaka. Wala hakuwakasirikia polisi. Kanikasirikia mimi! Eti kuna gesti mitaa ya Gerezani ya elfu kumi, na feni ipo. Eti nimpe hela yake au godoro, kabla jua halijazama.

Hela irudi? Haiwezekani. Nimenunua godoro jembamba, elfu ishirini na tano. Chupa ya chai na chapati, elfu sita. Nikavuka barabara ya Msimbazi na godoro kichwani. Kituoni, pale kaunta, afande mmoja anaitwa Tatu kaniuliza kama nahamia. Nikasema ni la shemeji. Akasema chai ipite, godoro lirudi, hapa si bweni. Nikarudi nalo. Muaz akapaza sauti, mtaa mzima usikie, kuuliza kama mke kanifukuza.

Nimebaki na elfu tano. Kumbe biashara ya malazi ina gharama ambazo wenye hoteli hawazisemi.

Nikiwa naegesha godoro dukani, Bi Khairunnisa, mke wa Mzee Saif, kaniita pembeni. Kasikia kuna mahali mtu anahifadhiwa kwa elfu kumi na mbili. Je, kwa wiki nzima kuna punguzo? Nikauliza ni kwa ajili ya nani. Akaelekeza kidevu kwa mumewe. Anakoroma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nikamwambia nitaulizia nafasi. Mungu anisamehe, hesabu nilipiga.

Jumatatu, 16 Juni
Niandike taratibu.

Barua tuliipata saa tatu. Nikamsihi mama mkwe abaki nyumbani, jua kali. Akaja. Na risiti kwenye pochi! Nikaomba nimbebee. Akasema risiti hubebwa na aliyelipa.

Afande Tatu kapokea barua, katuandikisha, kaagiza Allan atolewe. Mambo safi. Ndipo mama akaiweka risiti juu ya kaunta.

"Mwanangu, godoro hatukupata. Nirudishie hata elfu sita."

Afande akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akaonyesha bango ukutani, herufi nyekundu: DHAMANA NI BURE.

"Na kulala hapa pia ni bure, mama. Nani kakuandikia hii?"

Nikaangalia dari. Dari ilikuwa na doa.

"Wewe wa godoro," afande akasema. "Vua mkanda. Na viatu."

Kichwani nikamwona Josepha akipewa habari. Nikamwona Muaz akitandika meza yangu. Allan naye ndiyo anatoka, ananuka jasho la siku tatu, akaniuliza, "Shemeji, unaingia?"

Mama mkwe akaniangalia. Muda mrefu, kama anavyokagua samaki wa jana. Kisha akaivuta risiti.

"Aa, afande, nimechanganya karatasi. Hii ya samaki wangu. Walilala kwenye barafu siku tatu."

"Samaki wanataka godoro, mama?"

"Wa siku hizi wanadeka."

Afande akajifunika uso kwa daftari, mabega yanamcheza. Alipolishusha, kanikazia macho. Akiiona tena saini yangu mahali popote, nitalala bure mpaka nichoke. Nitoke.

Nimetoka! Sijawahi kuupenda moshi wa bodaboda hivi. Nilitaka kumkumbatia kila mtu, hata muuza dawa ya panya. Nikamshukuru mama machozi yakinitoka. Akasema asisingiziwe huruma. Nikifungwa mimi, mpeleka wali ni nani kama si yeye? Josepha hataambiwa. Ila kuanzia kesho kutwa, alfajiri, nabeba ndoo zake Feri mpaka elfu thelathini na sita iishe. Kisha akaniita mwanangu. Mara moja. Labda ulimi uliteleza.

Jumanne, 17 Juni
Sijaamini mpaka sasa. Jana adhuhuri nilifika dukani na elfu tano. Muaz tayari kapanga chaji zake. Nikamwomba Mzee Saif alichukue godoro kama sehemu ya kodi. Kalijaribu, akalala palepale dukani, akakoroma. Bi Khairunnisa kasikiliza ule mkoromo ukiwa mbali na kabati lake, akamwambia Muaz ahamishe meza. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 18 Juni
Feri alfajiri. Ndoo mbili, maji ya barafu mgongoni, mama mkwe mbele akigombana na mnadi. Nimeapa kutoka moyoni: mambo ya mahabusu, basi. Kumtoza mtu mwenye shida ni dhambi. Nimebadilika kabisa.

Kisha nikaona pale Magogoni watu wanaosubiri pantoni ya Kigamboni. Mamia! Wengine wamesimama, wengine wameegemea mizigo yao. Nauli ya kuvuka wanalipa, lakini kusubiri wanasubiri bure! Miaka yote hii! Na hawa hawana shida, wana haraka tu. Juani shilingi mia, kivulini mia tatu.

Nimeshanunua kizibao cha kung'aa na filimbi. Mtu mwenye kizibao na filimbi, hapa Bongo, nani atamuuliza?