Tandiko la Bwana Harusi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi ya kukata masikio. Ukungu nje, ukungu ndani. Wa nje utaondoka jua likipanda. Wa ndani umeota juu ya matandiko ya farasi, kijani kama mchicha, na naambiwa ni kosa langu kwa sababu mimi ndiye mtunza vifaa wa shamba hili. Kana kwamba ukungu niliupanda mimi na kuumwagilia.

Habari kubwa. Mzee Mrisho, mwuza vitambaa wa Mwanjelwa, amefika leo kutoka Mbeya. Mwanawe Shamsudin anaoa Jumamosi hapa Iringa, mtaa wa Mlandege. Mzee anataka bwana harusi afike kwa kina bibi harusi juu ya farasi, dufu mbele, mashangazi nyuma. Mama Juliana, mwenye shamba, amekubali papo hapo. Atakwenda Waziri, farasi wetu mweupe, mpole, mwenye sura ya kiongozi.

Habari kubwa zaidi. Msimamizi wetu wa banda amestaafu. Mama amesema baada ya harusi atachagua mwingine kati yangu na Yusta. Yusta analisha farasi na kuwapiga brashi. Mimi nasafisha wanachovaa. Na watu hutazama nguo kwanza, kila mtu anajua.

Mama akatoa maelekezo. Ngozi ya tandiko la Waziri ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu. Halafu sabuni ya ngozi, kidogo. Ikaukie kivulini. Halafu mafuta, kidogo. Nikague kila mkanda, nishone palipofumuka. Kidogo, kidogo. Kwa mwendo huo Shamsudin atapata wajukuu kabla sijamaliza.

Yusta aliitikia kila neno kwa kichwa. Anajipendekeza.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata njia fupi. Pipa la maji, sabuni ya unga, tandiko ndani. Nguo zinalowekwa, suruali za jeans zinalowekwa, kwa nini si ngozi? Nikaenda kunywa chai. Niliporudi maji yalikuwa meusi. Ishara nzuri. Tandiko lenyewe lilikuwa limevimba, zito kama ndama. Nikalipandisha kwa shida juu ya bati la jiko, lipigwe jua.

Jioni lilikuwa limekauka. Limekauka mno. Gumu kama chapati ya juzi, na kingo zimejikunja kwenda juu. Yusta akapita, akalitazama huko juu, akauliza kama tunapanda farasi au tunaezeka nyumba. Mtu mwenye mipango hajibizani.

Akasema lipo tandiko la zamani stoo, atalisafisha yeye, liwe la akiba. Akiba ya nini? Ananiombea mabaya huyu.

Jumatano, 18 Juni

Leo kulainisha. Mafuta ya ngozi aliyonipa Mama yamo kwenye kikopo cha kuchezea watoto. Jikoni kuna dumu zima la alizeti. Nikamimina. Tandiko likanywa. Nikamimina tena. Likanywa tena. Sasa ni laini kweli. Linateleza kidogo, lakini laini.

Mpishi anauliza alizeti imekwenda wapi. Nikamwambia siku hizi watu si waaminifu.

Yusta ameketi barazani na tandiko lake la zamani. Anafuta, anashona, anaimba nyimbo za kwaya, kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Mama Juliana alisimama akamtazama muda mrefu. Sikuupenda ule mtazamo.

Alhamisi, 19 Juni

Panya. Stoo nzima. Wamefuata harufu ya alizeti kama walioalikwa kwa kadi. Wametafuna ukingo wa tandiko, na wametafuna mkanda unaoshika kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Mkanda umebaki mwembamba upande mmoja. Nimeugeuza, upande mzima utazame nje. Hakuna atakayeona.

Nikamfungia paka wa Mama mle stoo. Nilidhani nimemaliza kazi. Paka hakukamata panya hata wa dawa. Mchana kutwa alikuwa ananoa kucha juu ya tandiko. Michirizi kila mahali. Huyu mnyama analishwa maziwa kwa kazi gani hasa?

Nikampigia simu Tumpe, mke wa kaka yangu, mwenye kibanda cha dawa za viatu pale Mwanjelwa. Shemeji akasema analo kopo linalofanya buti la mzee lionekane limetoka dukani leo. Nikamwuliza kama linakauka upesi. Akasema kwenye buti, ndiyo. Atalituma kwa basi.

Ijumaa, 20 Juni

Kopo limefika. Halina jina. Rangi yake kahawia inayoelekea weusi. Nikapaka, nikapaka juu ya nilichopaka. Michirizi imezama, meno ya panya yamezama, dhambi zote zimezama. Tandiko linang'aa unajiona uso.

Mama Juliana akaingia stoo, akashika mdomo. Akasema tangu marehemu mumewe alilete hajaliona hivi. Nikamtazama Yusta. Yusta alikuwa ananusa. Akauliza kama nimekagua mikanda. Nikasema nimekagua. Akataka kuikagua na yeye. Nikamwambia kila mtu na kazi yake, dada.

Hapo akaacha utani.

"Kaka Zabron, hapo juu atakaa mtoto wa mtu."

Neno hilo lilinikera hadi chakula cha mchana. Kwani mimi nimesema atakaa mtoto wa nani?

Lijamu, kile chuma cha mdomoni, nimekisugua kwa dawa ya meno. Kinameta. Kukisuuza vizuri ni kazi nyingine, na maji ya bomba leo ni barafu.

Mama ameagiza tandiko la zamani lipakiwe kwenye lori pia. Nimelifunika kwa majani makavu nyuma ya banda. Lisahaulike tu. Sina nia mbaya na mtu.

Jumamosi, 21 Juni

Siku gani hii.

Tulimshusha Waziri Mlandege, mwanzo wa mtaa. Watu wamejaa hadi juu ya kuta. Nikamtandika mwenyewe, mbele ya macho yote, taratibu, ili waone. Nikamtia lijamu. Waziri akatafuna. Akatafuna tena, akafanya uso wa mtu aliyepewa dawa ya minyoo. Kisha mdomo ukaanza kutoa povu. Povu jeupe, jingi, lenye harufu ya mnanaa. Bi Mwanakhamisi, shangazi wa bwana harusi, akarudi nyuma akauliza kama farasi ana kichaa cha mbwa. Nikamwambia ni furaha. Akaniuliza tangu lini furaha inanukia mswaki.

Akaja Shamsudin. Kanzu nyeupe kama karatasi, joho jeupe lenye nakshi za dhahabu, kilemba. Kijana mpole, ananiita kaka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kupanda farasi na usingizi ulimkataa kwa hofu. Nikamwambia asiwe na shaka. Akapanda upande huu, akateleza, akashukia upande wa pili. Watu wakashangilia, wakidhani ndiyo desturi ya Iringa. Tukampandisha tena. Nikamwambia abane magoti.

Dufu likaanza. Jua likapanda. Lile kopo la Tumpe, kumbe, halipendi jua. Niliona tandiko linaanza kutoa jasho. Jasho jeusi. Nikatembea ubavuni nikijifanya sioni.

Tulikaribia lango la kina bibi harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Waziri akashtuka, hatua moja tu, si kosa lake. Shamsudin akakanyaga kikuku kwa nguvu ajizuie. Mkanda ukakatika. Nilisikia ule mlio. Akaegemea upande, tandiko likamfuata kwa ule utelezi wa alizeti, na mguu wake wa pili ukanasa kwenye kikuku cha upande wa juu. Akaning'inia, kichwa karibu na mawe, na Waziri akaanza kwenda.

Sitaandika uongo humu. Sikufanya lolote. Hatamu zilikuwa karibu na mkono wangu na mkono haukwenda. Niliona kile kichwa na yale mawe.

Yusta ndiye aliyeruka. Alimshika Waziri lijamu, akamsemesha kwa Kihehe, polepole, kama hakuna haraka yoyote duniani. Waziri akasimama. Yusta akampa mtu hatamu, akaingiza bega lake chini ya kijana, akautoa mguu. Dufu lilikuwa limenyamaza.

Shamsudin akasimama. Mzima, alhamdulillahi, nikasema hata mimi Mlutheri. Kisha akageuka, na wote tukaona nyuma yake. Kuanzia kiunoni hadi magotini, kanzu na joho, nyeusi tii.

Mama Juliana akaagiza lile tandiko la akiba. Halikuwamo kwenye lori. Akaniangalia. Nikaangalia dufu.

Mzee Mrisho hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alilishika doa kwa vidole viwili kama anavyoshika kitambaa dukani kwake, akalinusa, akanitazama. Akasema yeye ni mtu wa nguo maisha yake yote, na hili halitoki.

Kijana mwenyewe ndiye aliyeamua. Alisema kwa sauti ya kusikika:

"Baba, nivulie joho lako nivae. Nitaingia kwa miguu."

Akaingia kwa miguu, ndani ya joho la baba yake lililomzidi mabega, Yusta kando yake akimwongoza Waziri bila tandiko. Amna, bibi harusi, alikuwa dirishani ameziba mdomo kwa kiganja. Sikujua analia au anacheka. Baadaye nikaambiwa vyote viwili.

Nikah ilifungwa. Pilau lililiwa. Mimi nililia langu kwenye lori, pamoja na Waziri, ambaye alinipulizia povu shingoni njia nzima.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani mchungaji alihubiri juu ya uvumilivu. Alinitazama mara kadhaa. Nani amemwambia?

Mchana Mama Juliana akaniita barazani. Tandiko lilikuwa mezani kama maiti. Ule mkanda ulikuwa kando, alama za meno wazi. Lile la zamani, lenye majani makavu kila mahali, lilikuwa kando yake. Hakuuliza swali. Alisema:

"Zabron, ngozi haina haraka. Wewe ndiye mwenye haraka. Jana haraka yako nusura imzike kijana siku ya harusi yake."

Nilisema neno moja: alizeti.

Yusta ndiye msimamizi. Na zaidi ya hapo, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote: Mama alitaka kunifukuza, Yusta akaniombea. Akasema nibaki chini yake, anifundishe. Kuokolewa na mtu uliyemfichia tandiko ni adhabu ambayo haijaandikwa kwenye sheria yoyote.

Nilikwenda kumshukuru. Nilijiandaa kwa masimango. Akanipa kitambaa chenye unyevu, akasema tuanze na hatamu.

Jumanne, 24 Juni

Nimefuta hatamu. Nimefuta mikanda. Nimepaka mafuta, kidogo. Nimening'iniza kivulini. Yusta anakagua kwa kucha ya kidole gumba, anapitisha kila mshono, anasema pale, na pale. Ameleta mkanda mpya wa kikuku, akanifanya niushone mwenyewe, kisha akaufumua, nikashona tena.

Lazima niandike ukweli: ule mkanda ni mzuri. Ngozi ikitunzwa kidogo kidogo ina harufu fulani, kama mkate. Waziri aliunusa mkono wangu na hakuuma. Shamsudin amepiga simu kutoka Mbeya kutusalimia wote, akauliza hali ya farasi. Hata mimi akaniuliza hali.

Moyo wangu ulilainika kwa muda. Nikamwahidi Yusta, kwa dhati kabisa, kwamba njia za mkato basi.

Alhamisi, 26 Juni

Yusta amekwenda mjini kununua shayiri. Ameniachia blanketi zote za mgongoni mwa farasi na matandiko ya wageni wanaokuja kupanda farasi Jumamosi. Kitambaa chenye unyevu. Moja moja. Nilifuta tandiko la kwanza asubuhi nzima. Bega linauma. Yamebaki mengi, yamenikodolea macho.

Nilikuwa natoka kupunga hewa tu ndipo nikakutana na Aroni, jirani yetu wa shamba la chini. Amenunua mashine ya kuoshea magari. Inarusha maji kwa nguvu ya ajabu, amenionyesha jinsi inavyong'oa tope kwenye trekta. Nikafikiri kwa utulivu, kama Yusta alivyonifundisha. Kosa la awali lilikuwa kuloweka. Maji yalikaa. Haya hayakai, yanapita tu. Hiyo ni tofauti kubwa. Na ahadi ilihusu njia za mkato. Hii si njia ya mkato, ni mashine.

Nimeyapanga matandiko yote uani, yametazama upande mmoja, yanapendeza. Nimemwambia Aroni asimwambie mtu. Yusta atarudi akute kazi imekwisha, na nadhani safari hii atanyamaza mwenyewe.

Namsikia Aroni anawasha. Naacha hapa. Ni kitu cha dakika tu.