Barua Saba Kutoka Vitani

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Sheha wa mtaa wetu kabandika tangazo. Taifa litawatunuku nishani raia waliojitolea wakati wa Vita vya Kagera: waliotoa damu, waliopika, waliochangisha. Jirani yangu Makungu keshatangaza barazani kuwa alitoa damu mara mbili. Mara mbili! Mimi wakati ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilifanya nini? Nilimuaga mama nnakwenda vitani, kisha nikajificha shamba, Kidichi, miezi mitano kwa rafiki, nikila mashelisheli. Fomu haina nafasi ya hilo.

Jumanne, 3 Septemba
Nimejaza: nilitoa damu mara nne. Mke wangu Saadiya kasoma, kacheka mpaka kakaa chini. Kaniuliza ni nani katika nyumba hii hufumba macho kuku akichinjwa. Nimefuta. Nimeandika: nilihudumia familia za askari. Zuri hili, halina damu. Lakini wanataka shahidi.

Jumatano, 4 Septemba
Shahidi kapatikana! Bi Radhiya wa Chukwani, mwalimu mstaafu wa skuli. Wakati wa vita akiwasomea mama na wake wa askari barua zao, bure. Wanasema yeye mwenyewe hakuchukua fomu. Kwa nini? Suali hili limenikera kutwa. Mtu ana haki ya nishani na haitaki!

Ijumaa, 6 Septemba
Chukwani, baada ya sala. Nimechukua halwa. Nimemwamkia, kaitikia marahaba, kaniuliza mimi mwana wa nani. Nikamtajia baba tu. Nilitaka kuingia kwenye shughuli yangu, lakini udadisi ukanishinda. Barua zile zilisemaje? Mambo madogo, kasema. Baridi. Homa. Mtoto keshaota meno? Mara moja barua ilileta khabari ya kifo, na mke wa marehemu alikuwa katika siku zake za kujifungua. Bi Radhiya akaificha siku tatu mpaka mtoto akazaliwa. Kila siku akipita kumjulia hali, akicheka naye, moyo unamuuma.

Halafu kanieleza kuhusu mama mmoja asiyepata barua. Kila Alkhamisi anakuja, anakaa mwisho, anarudi mikono mitupu. Msahafu akiusoma vizuri, herufi za kizungu hazijui.

“Nikashindwa kuvumilia, mwanangu. Nikamwandikia mimi, kwa jina la mwanawe. Barua saba.”

Nikauliza jina lake. Biasha, wa Malindi.

Nikakirudisha kipande cha halwa sahanini. Biasha ni mama yangu.

“Yule kijana alirudi salama?” kaniuliza.

Nikasema alirudi. Kanenepa kidogo.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimefungua sanduku la marehemu mama. Zimo zote saba, zimefungwa kwa kitambaa. “Mama, leo tumevuka mto. Usilie.” Kumbe! Niliporudi alinisomea Maulidi, akawasimulia watu nilivyovuka mto. Miaka yote nikijiuliza mto ule kautoa wapi. Nimelia. Nusu saa nzima. Kisha nikanyamaza ghafla. Barua saba kutoka vitani, zenye jina langu. Ushahidi!

Jumatatu, 9 Septemba
Afisa wa kamati ya nishani kazisoma zote. Kasema nishani ni ya raia, na barua zinaonesha nilikuwa askari. Nikasema vyema, nipewe ya askari. Kanitaka hati ya kuachishwa jeshi. Sina.

“Basi Mzee Jaku, kwa karatasi hizi wewe ni mtoro wa jeshi.”

Nikasema yote: Kidichi, mashelisheli, mama. Siku niliyosema kweli, sikuaminiwa! Kanitaka nimlete aliyeziandika.

Jumanne, 10 Septemba
Nimemwambia Bi Radhiya mimi ndiye yule kijana. Nilitegemea kufukuzwa. Yeye akaniuliza: “Biasha alijua kuwa hukwenda?” Nikajibu sijui. Kweli sijui, na suali hili haliniachi. Kavaa buibui, tukaenda. Mbele ya afisa kaandika mstari mmoja. Mwandiko ni ule ule. Afisa kamuuliza alisomea watu wangapi. Kasema hakuhesabu. Afisa akasimama, akampisha kwenye kiti chake, akajaza fomu ya Bi Radhiya kwa mkono wake mwenyewe. Yangu kaichana.

Alkhamisi, 26 Septemba
Bi Radhiya kavishwa nishani. Mimi ndiye niliyemshika mkono kupanda ngazi. Bibi mmoja nyuma kabisa kapiga kigelegele peke yake, kisha akafuta machozi. Nikamuuliza Bi Radhiya ni nani yule. Ni yule mjane aliyefichiwa barua siku tatu, kasema, na aliyekaa pembeni yake ni mtoto mwenyewe.

Njiani kurudi nikapata wazo. Bila ya uongo wangu, barua saba zingeandikwaje? Kazi kapewa na mimi! Nimemwomba Bi Radhiya aiandikie kamati barua moja zaidi, aseme hivyo. Kaniangalia mpaka tumefika kwake. Kasema ataiandika, lakini atatia saini ya Biasha, kama zamani alivyotia yangu.

Nimekubali mara moja. Mama hajapata kuninyima sifa.