Kopa ya Tano

Jumatatu, 3 Machi
Katika chumba cha kufulia cha hospitali tunacheza karata za poka saa ya chakula. Hatuwekeani pesa. Tunawekeana zamu za Jumamosi: ukishindwa, unapiga pasi badala ya mshindi. Leo nimepoteza mbili kwa Mama Shuka, mkunjaji wetu mkongwe, asiyejua hata asilimia ni nini. Nimenunua kitabu cha hesabu za poka. Mke wangu nimemhakikishia: Jumamosi tunakwenda kwa wazazi wake.

Jumanne, 4 Machi
Kitabu ni dhahabu. Mkononi kopa nne, zile za moyo mwekundu, nabadilisha karata moja. Nikipata kopa ya tano nimeshinda. Karata nisizoziona, arobaini na saba. Kopa zilizobaki, tisa. Yaani karibu nafasi moja kwa tano. Mezani zamu sita, kuendelea kunanigharimu moja tu. Nikikosa mara nne napoteza nne, nikipata mara moja navuna sita. Faida tupu. Nikaingia. Likaja jembe.
Hesabu ilikuwa sahihi. Karata ndiyo iliyokosea.

Jumatano, 5 Machi
Nimeingia hivyo mara tano zaidi. Nimekosa zote. Nikabadili mbinu: mkono mtupu, dau kubwa, ili Mama Shuka atishike akimbie, yaani aweke karata chini. Kitabu kinasema akikimbia mara mbili kati ya tatu, nimefaidika. Hakukimbia. Nikamuuliza alijuaje. Akasema, “Baba, ukiwa na karata nzuri unatulia. Ukiwa huna kitu, midomo inahesabu.”

Alhamisi, 6 Machi
Nimecheza nimevaa barakoa. Akanitazama vidole. Kumbe navyo vinahesabu. Kopa nimeikosa mara tano nyingine. Jumamosi zangu zimekwisha hadi mwisho wa Mei. Mke hajui.

Ijumaa, 7 Machi
Amejua. Alikuja kazini saa ya chakula, akamwamkia Mama Shuka kwa adabu zote, akaomba agawiwe karata. Hakuuliza karata zimebaki ngapi. Alimtazama mama wa watu usoni tu. Mama akijikuna shingo, mke anaongeza dau. Asipojikuna, mke anaweka karata chini. Dakika ishirini, Jumamosi zangu zote zikarudi. Mama Shuka akacheka, akamuuliza, “Mwanangu, huyu ulimtoa wapi?” Mke akajibu kwamba hata yeye hujiuliza.

Jumapili, 9 Machi
Jana tulikwenda kwa wakwe. Njiani nilimweleza mke makosa yake kihesabu: mara tatu aliingia bila nafasi ya kutosha, akaponea bahati. Alitazama dirishani safari nzima. Nadhani ameelewa.
Leo nimepiga hesabu upya, kwa utulivu. Nafasi ni moja kwa tano, nami nimekosa mara kumi na moja mfululizo. Kwa hiyo kopa inayofuata ni yangu, haina pengine pa kwenda.
Kesho naweka mezani likizo yangu ya mwaka. Yote.