Asilimia Sita Iliyobaki ya Basi Namba Saba

Basi namba saba, la kwanza kuingia mji huu, liliondoka uani kwa mjane wa dereva wake Jumatatu, tarehe tisa Machi, saa tatu asubuhi, likivutwa na lori la idara yangu ili likarabatiwe, na tangu saa hiyo liko kwenye mchakato. Ndugu Mwenyekiti wa Maandalizi, Mheshimiwa Katibu wa Mwenyekiti, waheshimiwa wasaidizi wa Katibu, wadau wote wa uchukuzi wa magurudumu manne na kuendelea, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, meza kuu.)

Nasimama kifua mbele kutangaza kwamba, kufuatia upembuzi yakinifu nilioubuni, nilioufanya na nilioupongeza mwenyewe, ukarabati wa urithi huu umefikia asilimia tisini na nne, yaani uzio, bango, kibanda cha tiketi, sare ya kondakta na picha yangu, na asilimia sita iliyobaki ni basi lenyewe. (Kicheko nyuma. Meza kuu inapiga makofi kukifunika.)

Namwona mjane wa dereva pale mbele, ufunguo wa basi mkononi. Mama yetu, tulia, umo kwenye programu. (Mjane: "Mwanangu, nakuuliza basi, unanijibu uzio. Viti arobaini na viwili, madirisha kumi na sita. Nimekuja kuhesabu.")

Hesabu hizo, Mama, ni za kizamani. Sisi tunapima kwa viashiria. Viti vimeingia kwenye matumizi shirikishi (Sauti: "Sebuleni kwako"), madirisha yako kwenye uhifadhi wa nje ya eneo, na mlango... (Fundi wa gereji: "Mlango uko kwenye banda lako la kuku, mzee. Uliniita nikaze bawaba. Jina la marehemu bado lipo, alilichora kwa msumari.") Kuku hao, ndugu fundi, ni walinzi wa urithi. (Kicheko kirefu. Mjane hacheki.)

Mama anasema mumewe aliliendesha miaka thelathini na moja, na yeye anataka aliwashe mara moja tu akiwa hai, asikie mlio wake. Ombi limepokelewa, limepigwa muhuri, litaundiwa kikosi kazi.

Sasa tuitikie. Nikisema "Basi letu", semeni "Fahari yetu". Basi letu! (Watu: "Liko wapi?") Vizuri sana. Urithi wetu! (Watu: "Bandani!")

Kwa kumalizia, nawashukuru mafundi kumi na mmoja ambao hatukuwaajiri, mfadhili ambaye hatukumwandikia, kamati ya ukarabati itakayoundwa, na karani wa masjala aliyeninong'oneza sasa hivi kwamba jalada la mradi huu halikuwahi kufunguliwa. Kwa hiyo, kiofisi, hakuna ukarabati uliofanyika wala basi lililochukuliwa. Na kwa kuwa ufunguo umekutwa mkononi mwa mtu, nataka jibu la moja kwa moja, kwa maandishi, nakala tatu, mezani kwangu Ijumaa hii kabla ya saa sita mchana: Mama, basi letu umelipeleka wapi?