Bafle ya Kazi Tano

Jumatatu, 17 Julai. Butembo.
Wakwe kutoka Mangina wanakuja Jumamosi kwa mahari ya Kavuo, binti wa marehemu kaka yangu. Nani awe msemaji wa familia? Mimi, bila shaka. Ndimi mkubwa, na nilifundisha fizikia hadi nikastaafu. Lakini mdogo wangu Phinées ana megafoni, na wazee wetu wanapenda sauti kubwa. Nimeshapata dawa yake. Nimenunua bafle, spika ya kazi tano: inatoa sauti, ni redio, ni taa, inachaji simu, inarekodi. Mikro yake, ile ya kusemea, haina waya na ina tochi kichwani. Mwenye duka alinisifu sana. Mtu mwenye akili, yule.

Jumatano, 19 Julai.
Nimewakusanya wazee nikawaeleza kwa utulivu. Phinées ana megafoni ya kusemea tu, tochi ya kumulika tu, redio ya kusikiliza tu. Safari moja, mifuko mitatu. Mimi, mkono mmoja. Waliuliza kama inaweza kuchaji simu zao. Ikachaji zote. Wamenichagua. Phinées alichungulia vitufe akaniambia mimi kaka yake, "Yaya, hii kitu iko na kazi mingi kushinda serikali." Wivu.

Ijumaa, 21 Julai.
Mke wangu Kanyere analalamika. Simu zikichajiwa, redio inanyamaza. Nikamfafanulia mgawanyo wa umeme, kwa mifano. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwa Phinées kusikiliza matangazo ya vifo.

Jumamosi, 22 Julai.
Niandike ukweli wote, kwa kuwa hakuna atakayesoma.
Wakwe walifika saa nne. Msemaji wao ni Malachie, mzee mpole mwenye kofia. Bafle niliiweka katikati ya uwanja, nikasema vizuri ajabu. Wakataja mbuzi wao. Wachache. Basi, kama ilivyo desturi, tukaomba ruhusa ya kwenda pembeni kufanya shauri.
Tuliingia jiko la nyuma. Giza na moshi. Nikawasha tochi ya mikro ili nione nyuso, nikapanga vita. Mimi nitakasirika. Nitasimama kama mtu anayevunja mazungumzo. Phinées na shangazi wanishike koti, wanisihi. Wakwe wataogopa, wataongeza mbuzi. Wasipoongeza tutapokea tu, maana mbuzi wenyewe ni wanono na Kavuo anampenda kijana.
Tukarudi. Nikakasirika. Sijawahi kukasirika vizuri namna ile. Nikasimama. Phinées hakusogea. Shangazi alikuwa akitazama miguu yake. Malachie ndiye aliyeinuka, akanijia taratibu, akaniuliza kwa heshima kubwa, "Baba mukwe, tukushike koti sasa, ao tungojee kidogo?"
Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kavuo mwenyewe alilia kwa kucheka.
Nikaitazama mikro. Kitufe cha tochi na kitufe cha sauti ni kimoja. Walitusikia neno kwa neno, hata habari ya unono.
Hakuongezwa mbuzi hata mmoja.

Jumapili, 23 Julai.
Baada ya misa wazee walikaa bila mimi. Siku ya harusi atasema Phinées. Na megafoni yake. Kanyere aliniletea chai, akasema angalau wakwe wamekwenda kwao na furaha.

Jumanne, 25 Julai. Beni.
Nimelichunguza kosa kisayansi. Wingi wa kazi haukuwa tatizo. Kazi zilikuwa chache mno! Kama ingekuwapo ya sita, kengele ya kuonya kwamba mikro iko wazi, leo tungekuwa na mbuzi zaidi. Hapa Beni nimepata bafle ya kazi tisa. Inapima hata presha ya damu.
Nimempigia Phinées nikamwambia kwa upole kwamba aseme yeye, sina kinyongo, lakini vyombo vya sauti vya harusi nitaleta mimi.
Akakata simu. Huenda furaha ilimzidi.