Gari Jeupe la Nduta

Jumatatu, 3 Juni
Magari ya mashirika yamepita tena kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta. Meupe, vioo juu, vumbi lote langu. Mwaka wa tatu huu tangu nihitimu, na hakuna hata moja lililosimama. Nayatamani mpaka naona aibu. Si mshahara tu. Natamani kile kizibao chenye mifuko mingi, na kitambulisho kining'inie shingoni hadi sokoni. Mama kauliza kama leo nakwenda shamba. Nikamwambia msomi hashiki jembe huku anasubiri simu. Akabeba lake akaenda. Kijiji kizima cha Murungu kinajua simu haijaita.

Jumanne, 4 Juni
Imeita! Shirika linataka mhamasishaji jamii wa vijiji vya jirani na kambi. Mmoja tu. Usaili Ijumaa, Kibondo mjini. Jioni kaja Esteri, binti wa jirani, kahitimu mwaka jana. Naye kaitwa. Anaomba mimi, kaka Pasikali, nimshauri, maana nimefanya usaili mwingi. Kweli, wilaya hii hakuna anayenifikia. Nikamwambia aje kesho.

Jumatano, 5 Juni
Nimemshauri. Mungu anisamehe. Nimemwambia asalimie Kiha cha kwa bibi: akunje magoti, apige makofi ya taratibu, aseme "mwakeye", kisha aulize watoto, ng'ombe, maharage, asiruke hata kimoja. Akauliza kama si kirefu mno. Nikasema kirefu ndiyo heshima. Watamcheka mpaka atoke. Mwenyewe nimefanya mazoezi kiooni: mkono wa kubana, macho kwa macho, maneno machache. Kama watu wa Dar.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeazima koti kwa Saady wa duka la nguo. Mikono imenipita vidole. Katikati ya wasaili kakaa mama mmoja mtu mzima, Muha wa Kasulu. Nikambana mkono, nikamkazia macho kama namdai. Akanisalimia kwa Kiha. Nikamjibu niko vizuri, tuendelee. Akamtazama mwenzake. Maswali mawili, nikatolewa.

Akaingia Esteri. Nikiwa kwenye benchi nje nikasikia makofi, mwakeye, ng'ombe, maharage. Yule mama akaitikia kimoja kimoja, akauliza na ya kwake. Kumbe usaili wenyewe ndio huo. Kazi ni kuingia nyumba za wazee, na mzee wa Kiha usipomsalimia akatosheka, hata njia hakuonyeshi. Nalijua hilo tangu nanyonya. Nimerudi kwa miguu ili nisionwe stendi na koti.

Jumatatu, 17 Juni
Gari limesimama. Langoni kwetu! Nilitoka mbio na sabuni usoni. Akashuka Esteri, kizibao, kitambulisho, kila kitu. Kaja kunishukuru. Kampa Mama sukari, akamwambia bila ushauri wa kaka Pasikali asingeipata kazi. Mama akanitazama kwa fahari, na hilo limeniuma kuliko yote. Tukasalimiana kirefu. Nilipofika kwenye ng'ombe nikaruka hadi maharage. Walipoondoka nilibaki barabarani hadi vumbi likatulia.

Jumanne, 18 Juni
Simu imeita tena. Kampuni ya Dar inataka msimamizi wa mauzo, usaili Alhamisi Kasulu. Wasaili wanatoka hukohuko Dar, wana haraka, wana ndege ya kuwahi Kigoma. Kazi ina gari. Jeupe. Nilikaa chini kwanza.

Baadaye kapiga Niyubahwe wa Rungwe Mpya, tuliyesoma naye chuo. Naye kaitwa, anaomba ushauri. Nimempa: mkono wa kubana, macho kwa macho, maneno machache. Maskini, hajui kilichonipata nilipofanya hivyo. Mimi sirudii kosa. Tangu asubuhi nakunja magoti na kupiga makofi. Mama kanisikia chumbani nikiulizia ng'ombe peke yangu, kadhani naumwa. Hao wa Dar nitawasalimia mmoja mmoja, kila mtu na zamu yake. Watoto, ng'ombe, maharage. Siruki hata kimoja.