Mnunuzi Asiwe Ndugu

Jumatatu, 4 Mei

Kikao cha familia. Sikuitwa, nilikikuta sebuleni. Mama Watoto amekaa kwenye kochi, amenyooka kama hakimu. Pembeni yake kaka yake, yaani shemeji yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, magoti yamebanana na picha yangu kubwa kwa sababu hamna pengine pa kuyaweka. Nakiri sebule imejaa. Picha ukutani, picha nyuma ya mlango, picha chini ya meza. Mgeni akija inabidi tuchague: akae yeye au ikae sanaa.

Hukumu ikasomwa. Mama Watoto amesema hana ugomvi na uchoraji. Anachotaka kujua ni kama hii ni kazi au ni ugonjwa. Kama ni kazi, basi hadi Jumamosi niuze picha moja. Moja tu! Nisipouza, Jumatatu ijayo naanza dukani kwa shemeji, kuchanganya rangi za kuta, na picha zote zinahamia stoo. Shemeji akaongeza kwa upole kwamba rangi ni rangi, shemeji yangu, tena kule kuna mashine inakoroga yenyewe.

Nikakubali papo hapo. Nilicheka hata. Picha moja! Mwaka jana pekee niliuza tatu.

Mama Watoto akainua kidole. Mnunuzi asiwe ndugu.

Hapo kicheko kikapungua. Mbili alinunua shangazi. Ya tatu alinunua kaka mkubwa, ili niondoke kwake alale.

Hata hivyo, sina wasiwasi. Shida yangu haijawahi kuwa kipaji. Shida ni mkakati. Kuanzia kesho mimi si mchoraji tu. Mimi ni kampuni.

Jumanne, 5 Mei

Nimeamka kampuni. Nimevaa koti. Nikabeba Machweo ya Moyo, kazi yangu kuu kupita zote: anga jekundu linaloiva taratibu hadi zambarau, limetuna kana kwamba linapumua, na katikati mwamba mmoja mweupe, mpweke, una ufa. Mwamba ni mimi. Watu hawalioni hilo mpaka waelezwe.

Mkakati wenyewe: picha isikae nyumbani kumsubiri mteja. Ikae pale watu walipokaa hawana la kufanya ila kuangalia ukuta. Pata ukuta wa bure, mengine yatafuata.

Nikaanza na mwenye bucha, kwa kuwa foleni yake ni ndefu. Aliitazama picha, akaitazama tena, akaniomba radhi. Wateja watadhani anauza maini ya juzi. Nikaenda kwa kinyozi. Kinyozi ana vioo kila upande, akasema watu wake hawaji kutazama mtu mwingine.

Njiani nikamkuta Fundi Herufi juu ya ngazi, anaandika kibao cha duka la viatu. Huyu ni mtu wa vibao. Akichora kiatu, unaona kiatu. Akichora kuku, unaona kuku. Hamna fumbo, hamna maumivu, hamna chochote. Na hapumziki! Kila nikipita yuko juu ya ngazi ya mtu. Akaniuliza kutoka huko juu, kaka, hiyo nyanya unaipeleka wapi? Nikamwambia ni machweo. Akasema pole sana.

Siku nikiwa mkubwa nitamtaja kwa wema. Kwa kifupi, lakini kwa wema.

Mwisho kabisa, kliniki ya meno. Daktari ni mama mmoja mpole mwenye mikono mikubwa. Hakuitazama picha hata kidogo. Alitazama ukuta wa chumba cha kusubiria, ambapo unyevu umeacha doa baya. Akapima kwa macho, akasema inatosha kabisa, itundike hapo.

Ushindi wa kwanza!

Jumatano, 6 Mei

Nimewaza hadi nikaliona tobo. Picha haijisifu yenyewe. Inahitaji mtu wa kuisifu, na mtu huyo asijulikane ndiye mwenye picha. Nikafikiria nani anaijua kazi yangu vizuri kuliko wote. Jibu likawa mimi.

Nikajifunga taya kwa mtandio wa Mama Watoto, nikaingia kliniki nikiguna. Dada wa mapokezi akanipa namba. Nikaichukua, nikaona ni utaratibu tu.

Chumbani palikuwa na bibi mmoja, kijana wa miraba minne mwenye shavu kama andazi, na mama na mtoto wake. Nikakaa mkabala na picha. Nikashusha pumzi. Nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anasikika: jamani, hii kazi! Nikauliza hewani ni nani aliyechora kitu cha namna hii.

Mtoto akaitazama. Akaficha uso kwenye mapaja ya mama yake, akaapa kwamba atapiga mswaki. Kijana wa miraba minne akageuza kiti chake, akatazama mlango. Bibi akanishika mkono, akasema mwanangu, hata langu lilikuwa hivyo hivyo, likishang'oka utapumua. Nikamweleza kwamba lile ni anga. Akanipapasa mgongo. Akasema maumivu yanachanganya watu.

Kisha namba yangu ikaitwa.

Ningeweza kukimbia. Lakini chumba kizima kilikuwa kinanionea huruma, na bibi ameshainuka kunisindikiza mpaka mlangoni. Kampuni haikimbii mbele ya wateja. Nikajisemea: nitafungua kinywa, daktari ataona sina tatizo, nitatoka.

Nikafungua kinywa. Daktari akasema mmh. Akainamisha taa, akasema mmh nyingine, ndefu. Kumbe gego la nyuma limeoza kitambo, limejikalia kimya kama mgeni asiyetaka kuaga. Sindano ya ganzi. Koleo. Goti la daktari kwenye ukingo wa kiti.

Hakuna aliyeulizia bei ya picha.

Alhamisi, 7 Mei

Shavu limejaa. Siwezi kusema neno likaeleweka.

Mama Watoto alipoelezwa, kwa ishara, nilikokuwa na kwa nini, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaniletea maji ya vuguvugu yenye chumvi na akanishikia kikombe. Akauliza kama kampuni ina bima ya wafanyakazi.

Lakini baadaye alikaa pembeni yangu na hakutania. Amesema yeye si adui yangu. Watu wakimuuliza mume wako anafanya kazi gani, anajibu ana mipango. Amejibu hivyo tangu mtoto wa kwanza yuko mgongoni, na sasa mtoto wa kwanza ana ndevu. Amechoka kusema mipango. Angependa siku moja ataje kazi.

Sikuweza kujibu kwa ajili ya shavu. Afadhali.

Nimelala chali nikijiona dukani kwa shemeji, uzeeni, nakoroga rangi ya krimu. Watu wote wanataka krimu. Sijawahi kuona mtu akasimama mbele ya ukuta wa krimu akashusha pumzi.

Hapana. Nitauza!

Jioni shangazi amepiga simu. Habari zimemfikia. Amesema sharti la mke wangu ni kwamba mnunuzi asiwe ndugu, sivyo? Basi atakuja asiwe ndugu.

Huyu mama ana akili. Nimerithi kwake.

Ijumaa, 8 Mei

Nisimlaumu mtu. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulitekelezwa na shangazi.

Amekuja alasiri amevaa miwani ya jua ya mjukuu wake na viatu vya kuazima vilivyokuwa vinamtangulia. Akajitambulisha mlangoni kuwa mfanyabiashara kutoka mbali, amesikia sifa za mchoraji wa nyumba hii. Mama Watoto akamkaribisha kwa heshima kubwa mno. Hapo ndipo ningeshtuka.

Chai ikaletwa. Mfanyabiashara kutoka mbali akaionja, akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, akafungua kabati la upande wa kulia, akarudi na sukari. Akazitazama picha kwa zamu, akichagua. Kwa bahati mbaya alichagua kioo. Nilimgeuza taratibu. Wakati tunasubiri atoe pochi, akauliza kile kikohozi cha mtoto wa pili kimeishaje. Mama Watoto akajibu kwamba kimepona kabisa, shangazi. Shangazi akasema afadhali, maana alikuwa halali kwa mawazo.

Shangazi akashusha kikombe.

Akavua miwani. Akaomba amiminiwe kikombe kingine, akasema ukweli ni kwamba tangu alipoingia haoni kitu. Wakacheka wote wawili, mikono wameshikana, wakaongea mambo yao mpaka giza likaingia. Hakuna aliyenisemesha.

Usiku shemeji amepita na ovaroli jipya, lina jina la duka mgongoni. Akanipimia mabegani. Limenikaa vizuri. Hilo ndilo limeniuma: hata nguo iko upande wao.

Jumamosi, 9 Mei

Nimekwenda kliniki kuchukua picha yangu. Nilitaka angalau tushindwe tukiwa pamoja.

Daktari alinidaka mlangoni. Kumbe ananitafuta! Dada wa mapokezi ameshamwambia kwamba mwenye picha na mgonjwa wa gego ni mtu mmoja. Amesema tangu picha itundikwe, wagonjwa wanamuuliza maswali ya fizi ambayo hawakuwahi kuuliza. Wanaitazama, wanashika mashavu yao, wanataka kujua wafanye nini wasifike huko. Mama wa yule mtoto wa Jumatano amerudi kushukuru. Mswaki haumtoki mtoto mkononi. Daktari amesema katika kazi yake yote hajaona fizi zilizovimba zikachorwa kwa ukweli kiasi kile, tena na jino lenye ufa pale katikati. Akauliza kama nimesomea udaktari.

Anataka kuinunua. Si kwa huruma. Si ndugu. Anataka! Ila ana sharti: chini yake yaandikwe kwa herufi kubwa maneno FIZI ZISIPOTUNZWA.

Nikamweleza habari za anga. Nikamweleza mwamba. Nikamweleza kwamba mwamba ni mimi. Alinisikiliza vizuri, kichwa upande, kama anavyosikiliza wagonjwa. Akasema anaelewa. Ila huo mwamba ungekuwa kinywani mwangu, angeung'oa leo.

Nikatoka nje kupata hewa. Nikasimama barabarani na ufizi wangu wenyewe unapwita. Moyo wangu wote niliuweka mle! Nikirudi ndani, watu wataitazama kazi yangu maisha yao yote na hakuna hata mmoja atakayeona machweo. Nisiporudi, krimu. Na Mama Watoto ataendelea kusema ana mipango, au ataacha hata kusema.

Nikarudi ndani.

Nikaomba angalau herufi ziwe ndogo. Akakataa. Nikaomba niandike mwenyewe. Akakubali, mradi zisomeke. F ilipinda kidogo. Zilizobaki zimetoka nzuri, niseme kweli.

Wakati tunaagana akaniambia anahitaji nyingine: jino lililotoboka, ulimi mchafu, kinywa cha mvuta sigara. Tena mwenzake wa macho anataka macho, na yule wa ngozi ameshaulizia. Amesema nikitaka, hapa kuna kazi ya miaka.

Nyumbani Mama Watoto aliniuliza mara mbili kama daktari hana udugu nasi hata wa mbali. Nikaapa. Alichukua kitambaa akaanza kuzipangusa vumbi picha za nyuma ya mlango, moja moja, polepole. Kisha jirani akapita dirishani akasalimia, Mama Watoto akamwambia, bila kuulizwa, kwamba mume wake ni mchoraji wa hospitali.

Nilijifanya sijasikia. Ilibidi niende uani kidogo.

Jumatatu, 11 Mei

Shemeji amenipa mkono. Kazi ya mashine amempa mtu mwingine. Sebule ni yangu.

Jana kutwa nimetafakari wiki hii ina somo gani. Mtu wa kawaida angesema: chora fizi. Hapo ndipo wengi wanapotea! Fizi ni bahati tu. Kilichouza ni mkakati: ukuta wa bure, sifa, uvumilivu, na kuwa tayari kupoteza jino. Elimu kama hii si haki kuikalia peke yangu.

Kwa hiyo nafungua semina. Kila wiki, hapa hapa sebuleni. Kuishi kwa Sanaa: Siri za Msanii Aliyefanikiwa. Viti nimeshaazima, vimepangwa mpaka mlangoni, na picha zimepanda juu ya viti. Mama Watoto ameuliza msanii aliyefanikiwa ni yupi, amkaribishe chai. Mzaha wake huo.

Oda za daktari, za macho na za ngozi? Mkuu wa semina hana muda wa kushinda anachora ulimi. Nimempelekea Fundi Herufi zote. Alishuka kwenye ngazi kunisikiliza. Sikujua kama ni mfupi vile. Aliniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena. Kisha akanikumbatia na rangi zake zote. Nilipomsimulia Mama Watoto, amekaa sakafuni palepale alipokaa Alhamisi, ila safari hii hakucheka.

Mpaka jioni hii hajajiandikisha mtu. Nikaona nimwite Fundi Herufi awe mwanafunzi wa kwanza, bure kabisa, ili apate mwanga. Amesema anashukuru sana, kaka, na angependa kweli kuja, ila amebanwa na kazi ya meno mpaka mwisho wa mwaka.

Nimemsikitikia. Kutwa anachora, kutwa anachora. Mtu kama yule atajifunza lini kuishi kwa sanaa?